Kichomi, Penisilini na Chanjo

Msomaji kijana, kichomi ni adui wa kale wa watoto, Ogembo kama kwingineko. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, ilimvunja nguvu adui huyo. Lakini mwaka 1977, huko Durban, vilionekana vidudu vya kichomi vilivyoistahimili.

Mwaka 2011 Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya aina 10 za vidudu hivyo. Huko Kilifi, maradhi makali yaletwayo na aina hizo kwa watoto wasiotimiza miaka 5 yalipungua kwa asilimia 92. Walakini aina nyingine zilishika nafasi iliyoachwa puani na kooni, na baadhi yazo hustahimili dawa.

Dawa inywewayo ovyo huua vidudu dhaifu na kuviachia shamba vilivyo na nguvu. Basi, chanjo ni ngao, wala si ruhusa ya kuchezea dawa.