Saa kumi na moja ya nani? Sauti ya kompyuta kwenye simu zetu za kulipia kabla

Ramadhani iliyopita, baada ya sala ya alfajiri, mjukuu wa shangazi yangu alikuja kunigongea mlango. "Bibi akwita. Asema uje na miwani." Kwa shangazi huyu, ukiambiwa uje na miwani ujue simu imemshinda.

Nilimkuta barazani kwake Kuze, kabambe mkononi, amenuna.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Niangalilia hii simu. Jana nimenunua bando la kupiga. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia laisha saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa usiku. Nikaliweka makusudi, nimpigie mwanangu Lamu wakati wa daku. Saa kumi napiga, kumbe bando halipo! Na zile shilingi arobaini nilizokuwa nazo zimekwenda zote."

Shilingi arobaini zile alikuwa amezihifadhi kumpigia kijana wa tuktuk ampeleke kliniki asubuhi ile, siku yake ya kupimwa presha. Nilimpigia mimi, na tuktuk ikaja. Lakini maneno ya "yule mwanamke" yalinikaa kichwani. Nikanunua bando kama lile kwenye laini yangu, nikasikiliza. Ni kweli, ndivyo asemavyo. Bando huisha 11:59 za usiku kwa saa ya Kizungu, dakika moja kabla ya siku kugeuka. Kwa Kiswahili hiyo ni saa tano na dakika hamsini na tisa. Kompyuta ilichukua tarakimu kama zilivyoandikwa ikazisoma kwa maneno ya Kiswahili. Kwa mtu wa hapa kwetu, saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa ni karibu jua kuchomoza. Na kwa kuwa lilitajwa neno "usiku", shangazi akahesabu vizuri kabisa: daku itakuwa ndani ya muda.

Watu watasema angesoma ujumbe ulioandikwa. Shangazi si mtu asiyejua kusoma. Amehitimu Kurani akiwa mdogo, anaandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na daftari la madeni la duka la marehemu mumewe aliliweka yeye kwa hati hiyo hiyo. Herufi za Kizungu ndizo hakufundishwa, kama wanawake wengi wa rika lake katika miji ya Pwani. Kwa hivyo ujumbe wa simu kwake ni michoro. Sauti ndiyo njia yake pekee ya kujua ana salio gani, na sauti hiyo ikikosea hana pa kuhakikisha.

Nimeona nieleze mambo haya mawili yanavyofanya kazi, simu ya kulipia kabla na sauti ya kompyuta, kwa sababu wengi tunayatumia kila siku bila kuyajua.

Kulipia kabla ni kununua muda wa kuzungumza kabla hujautumia. Ulaya mpango wa namna hii kwa simu za mkononi ulianza kuvuma miaka ya 1990. Kampuni ya TMN ya Ureno, iliyoleta laini yake ya Mimo mwaka 1995, hutajwa miongoni mwa za kwanza. Kampuni hupenda mpango huu kwa sababu haihitaji kujua una mshahara au huna. Hakuna bili mwisho wa mwezi wala mtu wa kukufuata kwa deni. Kenya, Kencell na Safaricom walipoanza biashara mwaka 2000, njia hii ndiyo iliyoifikisha simu kwa mama wa mahamri na mvuvi. Wanaokumbuka watakumbuka pia ugomvi wa wakati ule: Kencell ilitoza kwa dakika, Safaricom kwa sekunde. Aliyezungumza sekunde kumi na aliyezungumza sekunde hamsini walilipa sawa kwa upande mmoja, si kwa mwingine, na watu walihesabu.

Baadaye zikaja kadi ndogo za kukwaruza, kisha M-Pesa mwaka 2007, na sasa salio hununuliwa kwa simu yenyewe. Ukiishiwa kuna mkopo wa Okoa Jahazi, unaokatwa asilimia 10 kuwa ada. (Jina zuri, la kwetu kabisa. Ila jahazi linalookolewa kwa ada kila siku nahodha wake atazame tanga lake.)

Penye utata zaidi ni bando. Salio la kawaida ni pesa: likiwa hamsini ni hamsini. Bando ni pesa iliyogeuzwa kuwa dakika au data na kuwekewa muda. Muda ukipita, kilichobaki kinapotea, na simu inarudi kimya kimya kula salio la kawaida kwa bei ya kawaida. Hicho ndicho kilichomla shangazi. Suala la muda huu limewakera wengi, na ndiyo maana Oktoba 2019 Safaricom ilileta bando zisizo na tarehe ya kuisha. Lakini bando la siku moja bado ni rahisi kwa mtu mwenye shilingi ishirini tu mfukoni, kwa hivyo yule mwenye kidogo ndiye anayehitaji kuijua saa kwa dakika.

Sasa sauti. Binadamu ametaka mashine iseme tangu zamani. Wolfgang von Kempelen wa Vienna alichapisha kitabu mwaka 1791 kueleza mashine yake ya kusema, iliyopulizwa kwa mvukuto kama wa mhunzi. Mwaka 1939 huko New York, maabara ya Bell ilionyesha Voder, mashine iliyotoa maneno ikichezwa kwa vidole kama kinanda, na waliofunzwa kuicheza walichukua muda mrefu kuimudu. Kompyuta zilipokuja, kazi ikahamia kwenye hesabu.

Sauti nyingi za huduma za simu, hata hivyo, si ufundi mkubwa hivyo. Mtu huitwa studio, akasoma vipande: "salio lako ni", "shilingi", "ishirini", "na", "tano". Vipande vinahifadhiwa, na kompyuta inavipanga kulingana na hesabu yako. Ukisikiliza kwa makini utasikia mshono, neno moja liko juu na la pili liko chini, kama kanzu iliyoshonwa kwa vitambaa viwili. Vipande hivi havijui maana. Vikipewa 11 na 59 vitasema kumi na moja na hamsini na tisa.

Njia ya pili ni kompyuta kusoma maandishi yoyote, hata ambayo hakuna mtu aliyeyasoma studio. Hapa Kiswahili kina neema yake. Kinatamkwa kinavyoandikwa, na mkazo karibu siku zote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi wa Kiingereza anahangaika na herufi zisizotamkwa. Kompyuta ya Kiswahili haina taabu hiyo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishiriki kutengeneza mfumo wa kusoma Kiswahili kwa sauti mwanzoni mwa miaka ya 2000, na programu ya bure ya eSpeak nayo husoma Kiswahili, kwa sauti ya kibati lakini ya kueleweka. Tangu mwaka 2016, kampuni ya DeepMind ya London ilipotoa WaveNet, kompyuta zimeanza kujifunza sauti kutoka kwenye rekodi nyingi za watu badala ya kuunganisha vipande, na mshono ule umekaribia kutosikika. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitoa mifumo ya kusema kwa lugha zaidi ya 1,100. Rekodi nyingi zilizotumika zilikuwa za watu wakisoma Agano Jipya, kwa sababu hayo ndiyo maandishi yaliyopatikana yamesomwa kwa lugha nyingi hivyo. Nalitaja hili si kwa ubaya. Kompyuta husema kama ilichosikia, na mambo ya dukani na ya bandarini haikuyasikia huko.

Kinachoishinda kompyuta kwa Kiswahili ni namba na vifupisho. Mpe "siku 2", aseme siku mbili. Mpe "watu 2", inabidi ajue ni watu wawili. "Vitabu 2" ni viwili, "mabando 2" ni mawili. Tarakimu ni ile ile, neno linabadilika kwa ngeli ya kitu kinachohesabiwa. Mifumo mingi haijui, na utasikia "una mabando mbili". Hili linakera sikio tu. "MB 250" ikasomwa "emu bi" haimwambii shangazi lolote. Na saa, kama tulivyoona, inakula pesa. Dawa yake si ngumu: kwa saa ya mchana au ya usiku, hesabu inasogezwa saa sita, na neno la wakati linawekwa mahali pake. Mtoto wa darasa la tatu anaijua. Anayeandika programu anatakiwa akumbushwe tu kwamba Waswahili wanahesabu saa tangu jua kuchomoza na tangu jua kutua.

Kuna pia matamshi. Kwetu paa la nyumba na paa wa mwituni havitamkwi sawa. Yule mnyama hutoka na pumzi. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa pwani. Kompyuta haitofautishi, na sitarajii itofautishe kesho. Wazee wamezoea redio na wanaelewa. Siwezi kugombana na mashine kwa ajili ya pumzi ya mnyama wakati hata watoto wetu wenyewe wameiacha.

Kwa wenye simu za kisasa au wenye wazazi wasioona vizuri, kuna msaada tayari. Simu za Android zina sehemu ya mipangilio kwa wenye mahitaji ya kuona na kusikia. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, tafuta Accessibility. Humo mna kisomaji kiitwacho TalkBack, kinachosoma kila kitu unachogusa. Kabla hujakiwasha kwenye simu ya mama yako, jua kinabadilisha namna ya kugusa: mara moja ni kusikiliza, mara mbili ndiyo kufungua. Wengi wameogopa wakadhani simu imeharibika. Kwa mtu anayetaka kusomewa ujumbe tu, kile kinachoitwa Select to Speak ni chepesi zaidi, kinasoma unachokichagua na kunyamaza. Programu ya Google ya kusoma maandishi ina sauti ya Kiswahili. Ipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya jamaa, isije ikala bando unalotaka kulichunga. Na wakisomewa ujumbe wa pesa, wasisomewe ndani ya matatu.

Kabambe haina haya. Nyingine hutaja namba unapobonyeza, kwa Kiingereza. Ukipiga *144# kuangalia salio la Safaricom, jibu huja kwa maandishi. Kwa hivyo mwenye kabambe asiyesoma herufi za Kizungu anabaki na sauti atakayopewa na kampuni, na kampuni ndiyo inayoweza kuirekebisha.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma aliyoinunua. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mimi si wakili. Lakini saa iliyotajwa kwa maneno ya Kiswahili na hesabu ya Kizungu sioni vipi itaitwa habari. Malalamiko kama haya hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe, na isiposikiliza, kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Andika siku, saa, namba ya laini na maneno yaliyosemwa. Mimi nimeandika. Dada aliyenipokea kwenye simu ya huduma alicheka kwanza, kisha akaniomba nirudie pole pole aandike.

Jambo la mwisho, kwa sababu wazee wameanza kuiamini sauti yoyote inayosema Kiswahili kizuri. Teknolojia inayomsomea shangazi salio inaweza pia kuiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi. Sauti ya mtoto wako ikikupigia kwa namba usiyoijua ikilia inataka pesa, kata, umpigie kwa namba yake mwenyewe. Sauti ya kampuni haiombi namba ya siri, iwe ya mtu au ya mashine. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu utambuzi wa sauti miongoni mwa data za mwili, pamoja na alama za vidole, kwa hivyo unayo haki ya kuuliza anayerekodi sauti yako ataiweka wapi na kuifanyia nini.

Shangazi nimemweleza habari ya saa ya Kizungu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Basi yeye asema Kiswahili, kwa nini asome saa za watu?" Sikuwa na jibu. Akachukua kipande cha boksi la tende, akaandika kwa herufi za Kiarabu kwamba bando la siku laisha saa sita za usiku, mwanamke aseme atakalo. Kimebandikwa ukutani, juu ya chaja.