Basi Halimngoji Mwenye Mzigo: Historia ya Matoleo ya Java

Somo letu la leo ni la historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya lugha moja ya kompyuta, iitwayo Java, na ya namna inavyotolewa, toleo baada ya toleo.

Labda mtauliza: jambo hilo latuhusu nini? Tuanze zahanatini. Mama ampelekapo mtoto mwenye homa, mganga huandika habari zake katika kitabu cha MTUHA. Mwisho wa mwezi hesabu zote hujumlishwa, kisha huingizwa katika kompyuta kwa programu iitwayo DHIS2. Kufikia mwaka 2013 programu hiyo ilikuwa imeenea katika wilaya za Tanzania Bara. Wasimamizi wake wakuu wako katika Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norwei, nayo imeandikwa kwa lugha ya Java. Basi lugha hiyo ikibadilishwa ovyo, hesabu za malaria kutoka Rulenge au Nyakahura zaweza kukwama njiani, na wakubwa wa afya wasijue ugonjwa umezidi wapi.

Lugha ya kompyuta ni nini? Ni maneno na kanuni ambazo kwazo mtu huiagiza mashine kufanya kazi. Nayo, kama kamusi, ina toleo la kwanza, la pili, la tatu. Kila toleo huongeza mambo mapya na kusahihisha makosa ya zamani.

Java ilitolewa mwaka 1995 na kampuni ya Marekani, Sun Microsystems. Aliyeongoza kazi hiyo ni James Gosling. Mwezi wa Novemba 2006 kampuni ilianza kuifanya lugha huria. Maana yake, maandiko yake yaliwekwa wazi, hata kila mtu aweza kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha.

Lakini shida ilitokea. Toleo la 6 lilitoka Desemba 2006, na la 7 halikuonekana mpaka Julai 2011. Sababu zilikuwa nyingi. Hata kampuni yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Oracle mwaka 2010. Lakini sababu moja ilikuwa desturi ya kungoja mambo makubwa yaliyoahidiwa. Palikuwa na mpango uitwao Jigsaw, wa kuigawa Java katika sehemu ndogo ndogo. Ulikusudiwa kwa toleo la 7, ukasogezwa hadi la 8, ukasogezwa tena hadi la 9, lililotoka Septemba 2017. Wakati huo mambo madogo yaliyokwisha kuwa tayari yalikaa yakingoja lile kubwa.

Mwezi huohuo Mark Reinhold, mmoja wa wakuu wa kazi ya Java, alitoa shauri jipya: tarehe isibadilike, mzigo ndio ubadilike. Fikirini basi litokalo Ngara alfajiri. Mwenye mkungu wa ndizi akichelewa, basi halimngoji. Mkungu utapanda basi la kesho. Watu wa zamani walikuwa wakilizuia basi zima kwa ajili ya mkungu mmoja.

Shauri lilikubaliwa. Tangu Machi 2018, toleo jipya hutoka kila Machi na kila Septemba. Miezi mitatu hivi kabla ya siku hiyo mlango hufungwa: jambo jipya haliingizwi, kasoro tu husahihishwa. Siku zikikaribia, hata kasoro ndogo huachwa kwa toleo lijalo, kwa kuwa kila sahihisho laweza kuzaa kosa jingine.

Je, hospitali yaweza kubadili mitambo yake kila miezi sita? Haiwezi. Kwa hiyo matoleo machache huchaguliwa yatunzwe kwa miaka mingi: la 11 la mwaka 2018, la 17 la 2021, la 21 la 2023, na la 25 la 2025. Watengenezaji wa DHIS2 hawakupanda kila basi. Walitoka Java 8 wakaenda 11. Kisha toleo lao la 41, la mwaka 2024, likahitaji Java 17.

Basi, wasikilizaji, historia hii yatuonyesha kwamba wenye haraka walipewa ratiba, na wasio na haraka hawakuachwa njiani. Lingekosekana moja katika hayo mawili, kazi ingeharibika.

Sasa zungumzeni pamoja darasani:
1. Kwa nini toleo la 7 lilichelewa?
2. Kwa nini mlango hufungwa miezi mitatu kabla?
3. Katika chama chenu au kijiji chenu, ni kazi gani inayokwama kwa kungoja jambo moja?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.