Nyumba ya miti na udongo (masoko ya Gusii)

Nyumba ya miti na udongo ya sokoni ni jengo la mstatili lenye kiunzi cha miti, kuta za fito zilizokandikwa na paa la mabati. Kwa miongo mingi ndilo lililokuwa duka, hoteli na makao ya mwenye duka katika masoko ya Gusii. Kebirigo, soko la Kaunti ya Nyamira kwenye barabara ya Kisii kwenda Chemosit, ni mojawapo. Watu huiita nyumba ya matope, jina linaloidhulumu, kwa sababu kinachobeba paa ni mti. Udongo hujazia tu.

Kazi huanza kwa mashimo. Nguzo za mikaratusi au miwati husimamishwa na kufungwa juu kwa mhimili, kisha fito hupigiliwa misumari ndani na nje ili kubaki nafasi ya kushindilia udongo. Udongo mwekundu wa milimani hulowekwa na kukanyagwa kwa miguu hadi ushikamane. Kandiko la kwanza hupasuka likikauka, na kwa kuwa nyufa hupanda sambamba na miti, mtu anaweza kuhesabu nguzo asizoziona. Ndipo hufuata kandiko laini lililochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Wenye uwezo waliongeza lipu ya saruji, mara nyingi upande wa barabarani peke yake, penye baraza na milango ya mbao.

Nyumba ya asili ya Abagusii, enyomba, ilikuwa ya mviringo, ya nguzo, fito na udongo, na iliezekwa kwa nyasi. Majirani walisaidiana kuijenga katika kazi ya pamoja iitwayo risaga. Ufundi wa nguzo, fito na udongo ulikuwapo basi kabla ya soko. Kilichobadilika ni umbo, na chanzo kikubwa cha badiliko hilo ni bati. Bati la mikunjo, lililopewa hataza London mwaka 1829, hukaa vyema juu ya paa lililonyooka. Juu ya duara hukatwa vipande na kuvuja. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1907 Waingereza wakaweka kituo Kisii. Mabati na misumari vikafuata pamoja na maduka ya Wahindi, huku misheni zikijenga shule na makanisa ya pembe nne. Miti nayo ilikuwa migeni: mkaratusi na mwati asili yake ni Australia, msaiprasi ni Mexico. Hukua upesi, na bila mashamba yake nguzo zingekuwa ghali mno kwa mwenye duka dogo.

Ufundi wa namna hii uko kwingineko pia. Ujerumani, mji wa Quedlinburg una mitaa mizima ya nyumba za kiunzi cha mbao, nyingi zikiwa zimejazwa fito na udongo, nao umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1994. Tofauti kubwa kati ya nyumba hizo na ya Gusii iko mguuni. Kule mbao za chini hulala juu ya msingi wa mawe. Huku nguzo huingia ardhini, kwenye unyevu na mchwa. Nyamira hupata mvua ya takribani milimita 1,200 hadi 2,100 kwa mwaka, na matone yanayoruka kutoka chini hula ukuta shubiri mbili za kwanza. Kwa hiyo upenu mpana ni uhai wa nyumba hii. Fundi mzuri hukata mguu uliooza, akaweka jiwe chini ya nguzo, na ukuta ukaendelea kusimama. Naona ni ufundi unaostahili kufundishwa katika vyuo vya kaunti, maana ukarabati huo ni rahisi kuliko kujenga upya.

Kilichoziondoa nyumba hizi barabarani zaidi ya mchwa ni fedha. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo iliundwa mwaka 1964, na Kebirigo ina kiwanda cha chai. Malipo ya majani yaliwawezesha watu kununua tofali, saruji na mawe. Nyamira ilipotengwa na Kisii kuwa wilaya mwaka 1989, viwanja vya masokoni vilizidi kutafutwa, na ghorofa zikaanza kuchukua nafasi.

Nyumba ya namna hii ikibomolewa, udongo hurudi shambani. Mabati yenye matundu ya misumari na nguzo zilizosalimika hupelekwa nyumbani kujenga jiko.