Joto la kale katika udongo wa Kilwa

Wageni huja Kilwa kutazama mawe: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, mabaki ya mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu. Wakikata kona pale Nangurukuru kuelekea Kilwa Masoko, ni wachache wanaoutazama udongo wa kijivu. Wanapita juu ya kumbukumbu ambayo ulimwengu mzima wa sayansi ya hali ya hewa umeitegemea, na inasikitisha kwamba hapa nyumbani haijulikani.

Udongo huo ulitua kwenye sakafu ya bahari yenye kina cha mamia ya mita, tangu enzi za dinosaria hadi takriban miaka milioni 33 iliyopita. Baadaye ardhi iliinuka na bahari ikarudi nyuma. Humo wamezikwa foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojijengea makombe ya chokaa, mengi yakiwa madogo kama punje ya mchanga. Kombe hubeba oksijeni ya maji liliyojengwa ndani yake, na oksijeni ina aina nyepesi na nzito. Kadiri maji yanavyopoa, ndivyo kombe linavyochukua zaidi ile nzito. Anayepima uwiano wa aina hizo mbili anaweza kukadiria joto la bahari ya zamani sana.

Hadi mwishoni mwa karne iliyopita, kipimo hicho kilikuwa kimeleta fumbo. Makombe yaliyochimbwa kwenye sakafu za bahari kuu yalionyesha kwamba katika zama za Eosini, wakati nchi za ncha zilikuwa na misitu, bahari za tropiki zilikuwa na ubaridi kuliko leo. Hilo halikuingia akilini. Ncha zipate joto, ikweta ipoe?

Jibu lilitoka Kilwa na Lindi. Paul Pearson na wenzake kutoka Uingereza, wakishirikiana na wataalamu wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania akiwamo Joyce Singano, walikusanya udongo wa huku. Chini ya hadubini, makombe yake yalikuwa maangavu kama kioo, na vitundu vyake vyote bado vilionekana. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa umeyafunga, maji yasipenye kuyabadilisha. Makombe ya bahari kuu yalionekana meupe, yamefifia: chokaa yake ilikuwa imejiunda upya ndani ya maji baridi ya chini, ikapoteza kumbukumbu ya joto la juu. Mwaka 2001 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature. Bahari ya tropiki ilikuwa na joto la angalau nyuzi 28 hadi 32, na fumbo likaporomoka.

Kuanzia mwaka 2002 mitambo ya kuchoronga ilifuata. Vilichimbwa visima zaidi ya 30, baadhi vikipita mita 100 kwenda chini. Upande wa Pande, kusini mwa Masoko, vilitoa tabaka adimu linaloonyesha dunia ikivuka kutoka joto kuingia zama za barafu, karibu miaka milioni 34 iliyopita. Ukipanda na tabaka hilo, Hantkenina, foraminifera mwenye makombe ya miiba, anatoweka kabisa. Karibu na wakati huo huo, kwa hesabu za wanajiolojia, bahari inapoa kwa nyuzi mbili na zaidi, na barafu inatanda Antaktika.

Hapakuwa na kiwanda wala gari, basi nini kilisababisha? Mabara yalikuwa yakisogea na kufungua njia mpya za mikondo kuizunguka Antaktika. Mzingo wa dunia kulizunguka jua nao hubadilika kidogo kidogo, na ulifika mahali ambapo majira ya joto ya kusini hayakuweza kuyeyusha theluji yote. Lakini makombe hayo hayo ya Kilwa yana boroni, inayofichua uchachu wa bahari na kupitia huo kiasi cha hewa ukaa. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2009 vilionyesha hewa hiyo ikishuka hadi karibu sehemu 750 kwa milioni barafu ilipoanza kutanda. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote.

Kinyume chake kimo pia humu ardhini. Miaka milioni 56 iliyopita kaboni nyingi ilimwagika angani, huku volkano za Atlantiki ya Kaskazini zikishukiwa zaidi, na dunia ikapanda joto kwa nyuzi tano au zaidi. Tabaka la wakati huo hapa Kilwa limejaa udongo na mabaki ya mimea yaliyosombwa kutoka bara: inaelekea nchi ilikauka, na mvua ikawa inashuka kwa vishindo.

Mvua za vishindo tunazijua hata leo: mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi kule Somanga, abiria walikwama njiani. Kimbunga kimoja hakithibitishi kitu. Lakini kumwaga kaboni ile ya kale kulichukua maelfu ya miaka, wakati sisi tumetoka sehemu 280 za hewa ukaa kwa milioni hadi zaidi ya 420 ndani ya karne mbili na ushee.