Beni: miaka themanini ya ngoma moja

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuna jambo liliwatia wasiwasi. Mji baada ya mji walikuta vikundi viwili vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, kila kimoja na mfalme wake, majenerali wake na makarani wake. Matawi ya miji ya mbali yaliandikiana barua. Mwanachama akisafiri alipokewa na wenzake. Akifia ugenini walimzika. Wakubwa wakajiuliza kama hii si njama ya kuipindua serikali. Uchunguzi ukafanywa, majalada yakajaa, njama haikuonekana.

Karatasi hizo zilikuja kumfaa Terence Ranger nusu karne baadaye. Mwingereza huyu alifukuzwa Rhodesia mwaka 1963 kwa kupinga ubaguzi wa rangi, akaja kufundisha historia chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1975 alitoa kitabu kizima juu ya beni, kuanzia 1890 hadi 1970. Wapo watakaocheka: profesa, miaka themanini, ngoma! Lakini hivyo ndivyo sosholojia ya kihistoria inavyofanya kazi. Huchukua jambo ambalo vizazi kadhaa vimelifanya, hulifuata muongo kwa muongo, na huuliza kila mara nani ameingia, nani ametoka, na kwa nini.

Kabla yake, mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell alikuwa ameandika mwaka 1956 juu ya kalela, ngoma ya vijana wa mji wa migodi wa Luanshya, katika Zambia ya leo. Walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, wakiimba kusifu kabila lao na kuyatania mengine. Mitchell aliitumia ngoma hiyo kueleza jinsi watu wa makabila mengi walivyoishi pamoja mjini. Aligusia pia kwamba ilitokana na beni, lakini macho yake yalikuwa kwa wachezaji wa wakati ule. Ranger alitaka kujua njia yote.

Njia inaanzia pwani ya Kenya. Lamu ilikuwa na ushindani wa mitaa ya Mkomani na Langoni tangu zamani, na Mombasa nayo mitaa ilizoea kutambiana kwa ngoma, mashairi na karamu za kukomoana. Katika miaka ya 1890 mambo mapya yaliingia katika ugomvi huo wa zamani: tarumbeta, sare, gwaride, vyeo vya kijeshi. Wazungu wengi waliona kichekesho, Waafrika wanaiga mabwana zao. Ranger aliwapinga, na naona alikuwa na haki. Kilichokuwa kigeni ni mavazi na ala. Kushindana, kufuja mali ili kupata jina, na kupigania heshima mtaani vilikuwa vya wenyeji. Tena hiki ndicho kipindi ambacho utumwa ulikuwa unafutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Nani muungwana na nani si muungwana lilikuwa swali la moto, na uwanja wa ngoma ulikuwa mahali pamojawapo pa kulijibu.

Vita Kuu ya Kwanza vikaisambaza. Askari wa Mjerumani waliicheza, askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, waliicheza, na wapagazi wakaibeba pamoja na mizigo. Waliorudi Nyasaland, Malawi ya leo, walikwenda nayo kwao, na kando ya Ziwa Nyasa ikazaa mganda na malipenga.

Kisha mjini ikashuka hadhi. Makarani na walimu, ambao zamani wangeona fahari kuongoza beni, walianza kuiona ya kishamba. Wao walikuwa na klabu, na dansi, na African Association iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Ofisa wa mwaka 1919 aliona hatari. Aliyekuja miaka ishirini baadaye aliona mchezo wa watu wa chini. Kila mmoja aliona kipande chake, ndiyo maana majalada peke yake hayatoshi.

Kitabu cha Ranger kina pengo: ni hadithi ya wanaume zaidi. Lelemama ya akina mama wa Mombasa ilimngoja Margaret Strobel, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1979. Kwa wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, alikuwa Susan Geiger, aliyemhoji Bibi Titi Mohamed mwenyewe. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, alipitia vikundi vya namna hiyo. Kwa miezi michache tu maelfu walikuwa wamechukua kadi. Historia ya uhuru inayowataja waliosoma pekee haiwezi kueleza kasi hiyo. Hao wanawake walikuwa wamejipanga tayari, wana viongozi, wana mazoea ya kuchangishana na kuitana.

Ranger aliishia mwaka 1970. Tangu hapo imepita zaidi ya nusu karne ya vijiji vya ujamaa, redio, taarabu za kisasa, simu na vigodoro. Mganda bado unachezwa upande wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Mwanafunzi wa historia anayetafuta mada ya tasnifu aende akawaulize wazee wa huko nani alikuwa mfalme wa kikundi chao, aliteuliwa vipi, na siku hizi nani anaikataa nafasi hiyo.