Anayeshika Kichwa: Historia Fupi ya Wahudumu wa Dharura, Kutoka Gucha

Abagusii walijua kutibu kichwa kilichopasuka kabla hawajaiona hospitali. Omobari, mpasuaji wa jadi, aliifungua ngozi ya kichwa cha mtu aliyepigwa rungu, akaukwangua mfupa kidogo kidogo mpaka sehemu iliyovunjika ikatoka, kisha akalifunika jeraha. Wengi walipona, na madaktari walioandika habari zao katika miaka ya 1950 walistaajabu. Kazi hiyo haikuwa ya kila mwenye kisu. Ilipita katika ukoo: kijana alimfuata mzee, akamshikia vyombo, akatazama kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa mgonjwa. Na watu walimjua omobari ni nani. Mambo hayo mawili, kufundishwa na kutambuliwa, ndiyo ambayo mhudumu wa ambulensi wa leo bado anayapigania.

Kada nyingine za afya zilivuka mapema. Chuo cha tiba kinachoitwa leo KMTC kilianza Nairobi mwaka 1927, na sasa kina kampasi hata mjini Kisii. Wauguzi walipata sheria yao mwaka 1983, matabibu mwaka 1988: sajili, leseni, baraza la kumwadhibu anayekosea. Mtu wa ndani ya ambulensi hakuwa na lolote kati ya hayo. Huduma ya kwanza ilifundishwa, St John tangu 1928 na Msalaba Mwekundu tangu 1965, lakini wengi waliofundishwa walikuwa watu wa kujitolea. Gari la hospitali lilihitaji dereva tu. Sifa yake ilikuwa mbio.

Marekani nako hali ilikuwa hiyo hiyo hadi 1967, pale Pittsburgh, Daktari Peter Safar alipoanza kuwafundisha vijana weusi wa mtaa maskini, wengi wao wasio na kazi, kumtibu mgonjwa barabarani. Kikosi chao kiliitwa Freedom House. Daktari Nancy Caroline alikiongoza baadaye, akaandika kitabu cha kiada ambacho wanafunzi wa fani hii wanakisoma hadi leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari huyo huyo alikuja Nairobi kufanya kazi na AMREF, shirika lililoanza kama Madaktari Warukao mwaka 1957. Kwa hiyo aliyeiandikia fani hii kitabu aliishi hapa kwetu. Lakini ndege haitui kwenye mteremko wa Gucha, huku kwa Abagusii, na nchi ilikawia kuona hitaji la watu wa aina ile chini, barabarani.

Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka Nairobi na kuua watu 213 mjini humo, majeruhi wengi walibebwa kwa matatu, pikapu na magari ya wapita njia. Ukarimu ulikuwa mwingi. Ujuzi ulikuwa haba.

Ujuzi wenyewe ni upi? Chukua mtu aliyeanguka kutoka mti wa parachichi, au aliyetupwa na bodaboda kwenye kona. Jirani mwema atamwinua kwa makwapa na kumkunja kwenye kiti cha nyuma cha Probox. Mfupa wa shingo ukiwa umevunjika, wema huo unaweza kumpoozesha maisha. Darasani wanafunzi hurudia zoezi moja hadi mikono izoee: mmoja anapiga magoti utosini, anakishika kichwa kwa viganja vyote viwili, hakiachi. Watatu wanajipanga ubavuni, mabegani, kiunoni na magotini. Anayeshika kichwa ndiye anayehesabu, hata kama ndiye mdogo kuliko wote pale. Kwa hesabu yake mwili unageuka mzima kama gogo, ubao unaingia chini, mwili unarudi. Bado hajaruhusiwa kukiachia. Ndipo njia ya hewa, pumzi na damu hukaguliwa tena.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ilisema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Jedwali la Nne likaipa kaunti kazi ya ambulensi. Kuanzia 2013 kaunti zilinunua au kukodi magari, na magavana wakapigwa picha mbele yake. Gari hupendeza kamera kuliko darasa. Oktoba 2015 majeruhi mmoja wa ajali alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi Nairobi, akafa. Sheria ya Afya ya 2017 ikataja huduma ya kabla ya kufika hospitali kuwa sehemu ya matibabu ya dharura, na sera ya 2020 hadi 2030 ikafuata.

Wahudumu wenyewe wameunda baraza lao na kupanga ngazi, kutoka ya msingi hadi paramediki. Wamefanya vema, lakini haitoshi. Ogembo, makao ya hospitali ya Gucha, rufaa hupanda kwenda Kisii. Anayemsindikiza mama anayevuja damu baada ya kujifungua anapaswa kujua kwa hakika dripu gani anaruhusiwa kutundika, dawa ipi, na nani atamwajibisha akikosea. Uamuzi huo hauwezi kungoja simu ipatikane mlimani. Mwaka 2023 Bunge liliunda hazina ya dharura, magonjwa sugu na mahututi. Hazina ikilipia safari hiyo, inastahili kuuliza jina la aliyekaa nyuma na mgonjwa, na namba yake ya usajili.