Hesabu ya Wapigaji Kumi na Wanane

Katika besiboli, mchezo upendwao sana Marekani, kila tendo la mchezaji huandikwa. Henry Chadwick, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa Uingereza mwaka 1824 na kukulia New York, alikuwa miongoni mwa waliowazoesha watu kuusoma mchezo huo kwa tarakimu. Mpigaji huhesabiwa pigo aupigapo mpira na kwa pigo hilo akafika salama kituoni. Na apataye mapigo matatu katika zamu kumi huitwa hodari. Hata hodari, basi, hushindwa mara nyingi kuliko anavyoshinda, na kwa hiyo zamu chache ni shahidi asiyeaminika.

Bradley Efron na Carl Morris, wanatakwimu wa Marekani, waliupima ushahidi huo katika makala zao za 1975 na 1977. Walichukua wapigaji 18 wa msimu wa 1970, wakatazama zamu 45 za mwanzo za kila mmoja, wakauliza: je, kwa hizi tu, twaweza kubashiri mapigo ya msimu uliosalia? Roberto Clemente, mzaliwa wa Puerto Rico aliyechezea Pittsburgh, alikuwa kileleni kwa mapigo 18, yaani 400 kwa kila zamu 1000. Thurman Munson wa New York, mgeni katika ligi, alikuwa karibu na mkia kwa mapigo 8, yaani 178.

Labda msomaji atasema kila mtu na ahukumiwe kwa kazi yake mwenyewe. Lakini Charles Stein alikwisha onyesha mwaka 1956, na tena mwaka 1961 pamoja na Willard James, kwamba yakadiriwapo mambo matatu au zaidi kwa pamoja, ipo njia yenye jumla ndogo zaidi ya makosa. Wastani wa wapigaji wote 18 ulikuwa 265. Kila mmoja alivutwa kuuelekea, akaachiwa kama sehemu moja tu katika tano ya umbali uliomtenga nao. Clemente akashushwa hadi 294, Munson akapandishwa hadi 247. Msimu uliosalia ulitoa jibu lake: Clemente 346, Munson 316. Kwa wote 18, jumla ya miraba ya makosa katika hesabu ya kawaida ilizidi ile ya njia ya Stein zaidi ya mara tatu.

Siri yake si kubwa: aliye juu baada ya zamu chache, yamkini ameinuliwa na bahati pia, na bahati haidumu. Hata hivyo mimi naona Clemente hakutendewa haki. Kabla ya 1970 alikwisha ongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mara nne, nayo kanuni, isiyojua ila zamu 45, ikamfunga kamba ile ile iliyomfunga Munson. Ahadi yake ni kwa kundi, si kwa mtu. Na atakaye kuipeleka katika kuchagua wanafunzi au watumishi hana budi kulikumbuka hilo.

Wabashiri waliofuata waliingiza umri na misimu iliyopita, na tangu 2015 viwanja vya ligi kuu za Marekani hupima hata mwendo wa mpira utokapo kwenye gongo. Lakini mgeni mwenye zamu chache bado huvutwa kuelekea kwa wenzake.